Mabaki

Saa tatu usiku, ghorofa ya nne, mjini Lodz,
mashine ya kuchapa ilitema karatasi isiyo yangu.
Nilikuwa nangoja madeni ya kiwanda cha vigae;
ikatoka mishahara yetu, watu kumi na saba,
majina kwa alfabeti, nami karibu na mkia:
Wrzos, Kalina. Mchambuzi wa fedha, daraja la pili.

Mwingine angelia. Mwingine angepiga picha.
Mimi nilivuta kiti, nikafungua jedwali jipya,
nikaufuata mshahara hadi chanzo chake
kama fundi bomba anavyofuata unyevu ukutani.

Miaka kazini: kila mwaka unaongeza, naam,
lakini baada ya wa nane mstari unachoka,
unalala kama paka dirishani.
Cheti: ile mitihani mitatu niliyoifanya
mwanangu akiota meno, nasoma hatifungani
kwa mkono mmoja, kidole cha mwingine kikisugua ufizi.
Cheti kina bei yake. Hapo sikupunjwa.

Mji: Reto yuko Zurich. Hupokea hesabu zangu,
hubadilisha rangi ya grafu, hulipwa mara tatu na nusu.
Wanasema kule kahawa ni ghali.
Lazima anakunywa nyingi sana.

Halafu kitengo. Wanaonunua makampuni
huvuna bonasi Machi, wakarudi na viatu vipya.
Sisi tunaopima hatari, tunaosema *msinunue*,
hatuna msimu wa mavuno;
nani atalipia hasara ambayo haikutokea?

Nikatoa miaka. Nikatoa cheti. Nikatoa kitengo.
Kati yangu na Radosław, wa meza ya pili,
tulioajiriwa juma moja, tukafaulu siku moja,
zikabaki zloti elfu moja na mia tisa kila mwezi
zisizotaka kuelezeka.

Katika kazi yetu hayo huitwa mabaki.
Huandikwa chini ya ukurasa kwa herufi ndogo,
na mkubwa akiuliza, tunamwambia ni kelele tu za takwimu.

Jengo hili la matofali mekundu lilikuwa kiwanda cha nguo.
Bibi yangu Bronisława alifuma humu,
mitambo minne, mwanamke mmoja, pamba kwenye nyusi.
Alilipwa kwa mita. Walimkata kwa kila uzi uliokatika,
na kwa jinsi mnyapara alivyoamka siku hiyo.
Alikuwa na daftari: kushoto mita alizofuma,
kulia pesa alizotiwa mkononi,
na pale viwili hivyo vilipokataa kupatana
alichora fundo dogo kwa penseli.
Yako mengi. Nimekua nikiyahesabu,
nisijue kama ni mafundo ya uzi
au yale mengine, ya moyoni.

Asubuhi nilimuuliza Radosław, tukiwa kwenye birika,
siku ile ya usaili aliwaambia nini.
Akaona haya, akakoroga chai isiyo na sukari.
"Nilitaja namba. Halafu nikanyamaza."

Mimi nilisema: *chochote mtakachoona kinafaa.*
Wakaona.

Ile karatasi niliirudisha kwenye trei, uso chini.
Safu yangu ya mwisho niliiacha bila jina,
nikaandika juu yake alama moja tu, ya penseli,
kwenye kioo cha kompyuta, kama mjinga;
nimeifuta kwa kidole, haijatoka yote.

Jumatatu saa nne nina miadi na Dorota wa utumishi.
Mkono mtupu haulambwi: nimebeba jedwali,
nimebeba na daftari, ingawa halitasomwa.
Namba naijua. Naweza kuitamka usingizini.
Ninachofanyia mazoezi, jikoni, birika likichemka,
mwanangu akiniuliza mbona mama huongei,
ni kunyamaza
baada yake.